Pistoni Mpya Haitoshi

Yamaha AG100 yangu ilinunuliwa zamani kwa kazi ya bwana shamba, na hadi leo inapanda Uluguru na gunia la maharage nyuma. Ikipungua nguvu, mafundi wengi hapa Morogoro huwa na jibu moja: "Mzee, weka pistoni na ringi, utanishukuru." Mimi nakataa.

Injini hii ya mipigo miwili huvuta hewa na petroli kwanza chini, penye kranki, ndipo zipande kwenye silinda. Sili za kranki zikikauka, nazo hukauka hata pikipiki ikilala tu bandani, hewa ya ziada huingia. Petroli inakuwa kidogo mno, joto linapanda, pistoni inaungua. Ukiona moshi mwingi na oili ya gia inapungua, chunguza sili ya upande wa klachi. Kufunga pistoni mpya juu ya sili zilizochoka ni kununua hasara ya pili.

Silinda nayo ipimwe kwa kipimo, si kwa kidole. Ikiwa imelika, ichongwe kufuata pistoni ya saizi ya juu, ambayo kwa kawaida huzidi kwa milimita 0.25. Na ringi zikae sawasawa kwenye vipini vidogo vya pistoni. Ncha ikinasa kwenye tundu la silinda, ringi inavunjika. Fundi asiyevijua vipini hivyo simkabidhi hata spana.

Ndugu mwenye pikipiki, sili ni za bei ndogo kuliko pistoni. Dai zibadilishwe kabla hujalipa.