Programu ikikosea, iacheni ianguke!

Jamani wanaprogramu, hii tabia ya kumeza hitilafu itaisha lini? Mnajua ninachosema. Mtu anazungushia msimbo wake wote wavu, eksepsheni ikitokea anaidaka, halafu hafanyi lolote. Ndani ya mabano ni tupu kabisa! Mteja anasifu, eti programu haijawahi kukwama.

Juzi niliitwa kwenye duka moja huku Kayole. Stima zilikuwa zimepotea ghafla, faili ya hifadhidata ikaharibika. Ziliporudi, programu ya mauzo ikawa inashindwa kuhifadhi chochote, lakini inameza kila eksepsheni na kuendelea kuchapisha risiti kama kawaida. Siku tatu! Bidhaa zilizobaki dukani hazikulingana na kompyuta, na aliyeshukiwa wizi ni dada wa kaunta. Nilipofungua msimbo nilikuta wavu mtupu. Aliyeuandika alishalipwa zamani.

Microsoft wenyewe waliliona tatizo hili. Katika .NET 1.0 na 1.1, eksepsheni isiyodakwa kwenye thredi ya pembeni mara nyingi ilipotea kimya kimya. Toleo la 2.0 la mwaka 2005 likabadilisha mambo: programu nzima inafungwa. Wengi walilalamika. Mimi nasema walifanya vyema.

Kuna watakaonitajia roketi ya Ariane 5, iliyolipuka tarehe 4 Juni 1996 baada ya namba ya biti 64 kushindwa kuingia kwenye biti 16, na eksepsheni ile haikuwa na wa kuishughulikia. Sawa. Lakini roketi haiwezi kusimama hewani ikangoja fundi. Kompyuta ya duka inaweza, na daftari lipo.

Kwa hivyo daka unachoweza kurekebisha, kwa mfano printa isiyo na karatasi. Mengine yaache yapande hadi juu kabisa. Hapo, kwenye AppDomain.UnhandledException, andika logi: saa, aina ya hitilafu, na mfululizo wa miito iliyoifikisha hapo. Mweleze mtumiaji kwa Kiswahili kwamba mauzo ya mwisho huenda hayakuhifadhiwa. (Tafadhali si "0x80004005", ambayo hata kwa Kiingereza maana yake ni kosa lisilobainishwa!) Usijaribu kuhifadhi data wakati huo, kwa sababu hujui kilichoharibika kwenye kumbukumbu. Kisha funga.

Mtasema mteja atapiga simu usiku. Apige!