Kuingia hekalu la Mazu si kuhama dini

NILIPOWEKA mtandaoni picha za hekalu la Mazu jijini Tainan, Taiwan, marafiki walinirukia: “Kwani umehama dini?” Zii. Nilienda kujionea, na heshima si ibada.

Jengo hilo lilikuwa kasri la mwanamfalme wa ukoo wa Ming. Liligeuzwa hekalu mwaka wa 1684, baada ya watawala wa Qing kukitwaa kisiwa. Mazu, mungu wa kike wa bahari, inaaminika alizaliwa mwaka wa 960 kisiwani Meizhou, Uchina. Wahamiaji waliovuka kuja Taiwan walimwomba awafikishe salama. Hata mabaharia wa Zheng He, ambao walifika Malindi karne ya 15, walimshukuru yeye.

Ndani nilimwona mama akidondosha vipande viwili vya mbao vyenye umbo la mwezi mchanga. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, jibu la ombi ni ndiyo. Alirudia mara tatu, macho yamemlenga machozi. Niliirudisha simu mfukoni. Shida ya mtu si maonyesho.

Kijana mwenzangu, ukipata nafasi, ingia. Tumia mlango wa kulia, usikanyage kizingiti, sauti punguza. Hakuna atakayekulazimisha kuwasha udi. Sisi hukasirika mgeni akicheka tukiomba. Basi tukiwa ugenini, nasi tusiwacheke wenyeji. Imani yako utatoka nayo vilevile ulivyoingia.