Uchaguzi wa maavoka Bukavu: mujane wa Lwiro anahusika namna gani?

Hapa Lwiro mtu akisikia neno uchaguzi anafikiri mbunge, gavana ao raisi. Kuna uchaguzi mwingine ambao hakuna anayetuletea vitenge wala chumvi juu yake: ule wa maavoka. Wanakutana Bukavu, wanachagua batonie, ndiye mkubwa wao, pamoja na wajumbe wa komite ya baro. Wanaopiga kura ni maavoka wenyewe, wale walioandikwa ku orodha. Sisi wa vijiji vya Kabare hatuna kura pale. Sasa inatuhusu mu nini?

Tuchukue mujane mmoja, mfano tu. Bwana yake amekufa. Walioana kwa mahari, ng’ombe zilitoka, watu wote walikula, lakini ndoa haikuandikwa ku eta-sivili. Kisha matanga, shemeji zake wanakuja kupima shamba. Wanamwambia arudi kwao.

Sheria ya jamaa ya 1987, ile iliyorekebishwa mu 2016, haisemi vile. Watoto wa marehemu ndio wa kwanza: wanapata robo tatu ya urithi. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mujane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Na mujane iko na haki ya kubaki mu nyumba walimoishi na bwana yake. Kwa hiyo shemeji iko na kitu, ndiyo, lakini kidogo sana, na hana haki ya kumfukuza mtu. Shida ni kwamba mambo hayo mama huyo hayajui, na ile ndoa isiyoandikwa itamusumbua mbele ya juji. Kesi za namna hii zinaanzia ku tribinali ya amani. Mtu anaweza kujitetea mwenyewe pale, lakini shemeji akija na avoka, ni vita ya panga na fimbo.

Ni hapa komite ya baro inaingia. Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979, ile iliyopanga kazi ya maavoka, inaipa komite mzigo wa kusaidia watu wasiokuwa na uwezo: kuweka ofisi ya ushauri wa bure na kuteua avoka wa kuwatetea. Ofisi hiyo si zawadi ya batonie. Ni kazi aliyochaguliwa kuifanya. Lakini iko Bukavu, karibu kilomita 40 toka hapa, na inaomba karatasi ya kuonyesha kwamba wewe ni maskini. Pesa ya gari kwenda na kurudi, kwa mama wa shamba, si kitu kidogo. Na avoka anayeteuliwa anajua kwamba serikali haitamulipa. Mara nyingi anatoa pesa ya gari mu mfuko wake mwenyewe. Tusimulaumu yeye peke yake.

Tulisha kuona maavoka wakifika huku kwa wingi. Mu Desemba 2017, tribinali ya kijeshi ilikuja kukaa Kavumu yenyewe, ikahukumu watu 11, kati yao mbunge wa jimbo, kifungo cha maisha, juu ya watoto wasichana waliobakwa. Kazi kubwa, na mashirika yalisaidia sana. Ila kesi ya urithi ya mama mmoja haina shirika nyuma yake wala kamera mbele yake. Hiyo ndiyo inayotegemea komite.

Wenzetu wa Kenya, wanasheria wanawake wako na chama chao, FIDA, tangu 1985, kinachosaidia wanawake na watoto ku korti. Kwetu baro ni moja: wa migodi, wa biashara, wa ndoa, wote pamoja. Anayegombea anatafuta kura za wenzake, na ni kawaida atawaambia yale wanayopenda kusikia: michango, heshima mbele ya polisi, jengo. Mujane hawezi kumupa kura. Kwa mawazo yangu, avoka anayefanya kesi za jamaa ndiye anapashwa kusimama mwenyewe, aulize mbele ya wote: ofisi ya bure itafika lini Kavumu na Miti, hata siku moja kwa mwezi?

Komite ndiyo inaazibu pia: onyo, karipio, kusimamishwa, ama kufutwa kabisa. Avoka akikula pesa yako akapotea, unaandikia batonie. Lakini angalia kwanza kama ni avoka kweli. Huku kijijini kila mtu mwenye kravati na malaka ya makaratasi tunamwita avoka. Wengi ni watetezi wa tribinali, wale wanaoitwa defanseri, ambao wako na komite yao mbali. Na wengine hawako hata defanseri.

Tangu M23 iliposhika Kavumu na Bukavu mu Februari 2025, tribinali za serikali hazifanyi tena kazi kama mbele. Wengine watasema si wakati wa kuongea kura za maavoka. Lakini watu wanaendelea kufa, na wanaogawanya mashamba hawangoji vita iishe. Kwa sasa, wenye mahari tayari, andikisheni ndoa na vizazi vya watoto, na mutunze zile karatasi mbali na panya na moto.