Aliyeagiza Ndiye Mwenye Mchoro: Tahadhari kwa Wachoraji wa Migwani

Mchoro ulioumaliza wiki jana si wako.

Ni wa aliyekuagiza. Haijalishi kama uliuchora kwa mkono wako, kwenye kompyuta yako, usiku kucha kwa stima uliyolipia mwenyewe. Haijalishi hata kama bado anakudai subira kuhusu pesa. Ikiwa mtu alikuita akakwambia nichoree nembo ya duka, nichoree ukuta wa chekechea, nitengenezee bango la kampeni, na hamkuelewana lolote kuhusu nani atamiliki kazi hiyo, sheria ya Kenya inahesabu kwamba hakimiliki imeshahamia kwake.

Kifungu chenyewe ni cha 31, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kinaanza vizuri: hakimiliki ni ya mtunzi. Halafu kinageuka. Kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huchukuliwa kuwa imekwenda kwa huyo aliyeagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine.

Isipokuwa wamekubaliana vingine.

Shika maneno hayo, maana ndiyo mlango pekee ulioachwa wazi. Na tazama kisichokuwepo: kifungu hakisemi haki itahama akishalipa. Neno malipo halimo. Mchoraji anayejipa moyo kwamba kazi ni yake mpaka salio liingie kwenye M-Pesa anajipa moyo bure. Ana deni la kudai, ndiyo. Mchoro hana.

Nawaandikia mafundi wa Migwani, wa mabango na wa kuta, wapiga picha wa harusi, vijana wanaobuni kadi na mabango kwenye saiba na vibanda vya uchapaji kando ya barabara ya Kitui kwenda Mwingi. Wenzenu wa Kabati, Mwingi, Kitui mjini na hata kule Wote waisome pia. Nawaandikia sasa kwa sababu kuna tarehe inakuja.

Tarehe 10 Agosti 2027 Kenya itapiga kura.

Kitui ina maeneobunge 8 na wadi 40. Kila wadi ina kiti cha mwakilishi, kila eneobunge lina kiti cha mbunge, na juu yao wapo gavana, seneta na mwakilishi wa kike. Kila kiti kina wagombea kadhaa, na kila mgombea anataka sura yake kwenye kila nguzo, kila kibao, kila fulana. Kazi ya kuchora haijai mashambani kama inavyojaa wakati wa kura. Na haiibwi kama inavyoibwa wakati huo.

Inaibwa hivi. Mheshimiwa mtarajiwa anatuma kijana wake. Anataka bango, haraka, leo hii. Bei inatajwa kwa mdomo, ndogo, ya kuchora tu, kwa sababu fundi anatarajia faida yake kwenye uchapaji. Fundi anachora. Kijana anasema mheshimiwa anataka kuliona, nitumie. Fundi anatuma faili lenyewe, lile la wazi, lenye kila herufi na kila rangi ikiwa bado inaweza kubadilishwa. Siku tatu kimya. Siku ya nne mabango yale yale yanateremshwa kutoka kwenye Probox, yamechapwa River Road kwa maelfu, na yameshaanza kubandikwa. Fundi akipiga simu haipokewi. Akimpata anaambiwa tulia, tutakukumbuka tukishinda.

Mwulize yeyote aliyefanya kazi ya mabango mwaka 2022 ni nani alilipwa salio na mgombea aliyeshindwa. Kisha mwulize kuhusu walioshinda.

Kupoteza malipo ya bango moja ni maumivu ya wiki. Kupoteza mchoro ni maumivu ya miaka. Sheria inaipimia hakimiliki ya mchoro maisha ya mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake. Umri wako ndio kipimo, mali ni ya mwingine. Nembo uliyochora kwa bei ya chakula cha mchana inaweza kusajiliwa na mteja kuwa alama yake ya biashara, na alama ya biashara Kenya hulindwa kwa miaka 10 na kufanywa upya kila inapokwisha, tena na tena. Akifungua tawi la pili Mwingi na la tatu Matuu, nembo itakwenda naye. Hakuna shilingi itakayorudi kwako, na hakuna atakayekuwa amevunja sheria.

Jambo hilo la mwisho ndilo la kuogofya. Mwizi anaweza kushtakiwa. Huyu si mwizi.

Na sasa kuna kompyuta zinazochora. Programu hizi hupewa maneno machache, au hupewa mchoro uliopo, zikatoa mingine kumi inayofanana nao kabla chai haijapoa. Mteja aliye na faili lako la wazi na hakimiliki yake anaweza kuutia mchoro wako humo akapata mabango ya msimu mzima, kwa mtindo ulioujenga wewe, na asirudi kwako tena. Watu wanabishana duniani kote, hadi mahakamani Marekani na Uingereza, kama kampuni za programu hizo zina haki ya kulisha mitambo yao michoro ya watu. Ubishi huo ni muhimu. Lakini mchoraji wa Migwani ambaye haki yake ilihama kwa sababu alikubali kazi bila maelewano hana hata nafasi ya kuingia kwenye ubishi. Mwenye kusema ni mwenye mchoro.

Ukambani tumeshapita njia hii. Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, alirudi kutoka Tanganyika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza akiwa na ufundi wa kuchonga aliojifunza huko. Ufundi ukatoka kwake ukaingia kwa jamaa na majirani, ukatoka Wamunyu ukafika Gikomba, Changamwe na Malindi. Vinyago vya Wakamba vikauzwa Ulaya na Marekani. Swala, twiga, kiboko, mzee wa Kimaasai na mkuki wake. Ni nani leo anaweza kumtaja aliyebuni wa kwanza umbo la yule swala anayeuzwa kila duka la watalii? Jina la Mutisya tunalo kwa sababu yeye alianzisha. Waliomfuata, waliobuni maumbo yaliyolisha nyumba nyingi za watu, wamebaki bila majina, na umbo likawa la yeyote mwenye patasi na la kila dalali mwenye gari.

Wachongaji wa Mombasa walijifunza kidogo. Ushirika wao wa Changamwe ulianzishwa mwaka 1963, na humo mchongaji ana nambari yake ambayo huwekwa kwenye kinyago, ili kikiuzwa pesa zijue mlango wa kubisha. Ni mpango mzuri. Tena ni mpango nusu, kwa sababu nambari inalinda malipo ya kipande kimoja na haiwezi kulinda umbo lenyewe. Hata hivyo nusu hiyo inawashinda wachoraji wengi wa leo wenye simu za bei kali, ambao hawaweki hata herufi mbili za jina pembeni mwa kazi.

Kuna atakayeniambia tatizo letu ni Wajapani, kwamba walikwenda wakasajili kiondo kikawa chao. Hadithi hiyo tumeisikia tangu utotoni na bado sijaonyeshwa karatasi ya kuithibitisha. Iacheni. Inatufanya tuangalie ng'ambo ya bahari wakati mchoro unaondoka kwa kutumwa kwenye WhatsApp, hapa hapa sokoni, kwenda kwa mtu tunayemwamkia kila Jumapili.

Kinachohitajika ni kidogo. Hakuna cheti cha kusubiri: hakimiliki huzaliwa kazi inapowekwa kwenye karatasi, ukuta au kompyuta, na usajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni ushahidi wa ziada wa kukufaa mkibishana. Kinachohitajika ni makubaliano, nayo yaje kabla ya kazi. Mkataba wa wakili ukiupata ni heri. Usipoupata, ujumbe wa WhatsApp uliojibiwa unatosha kuanzia, kwa sababu unabaki na tarehe, jina na nambari ya simu. Neno la mdomo halibaki na chochote.

Chukua arbuni, ile tunayoiita diposti. Nusu, si mia mbili ya vocha. Mteja asiye na nusu leo hatakuwa na nzima kesho.

Faili la wazi lisitoke kabla salio halijaingia. Akitaka kuona, mtumie picha ndogo, hafifu, iliyopigwa jina lako katikati. Akikasirika kwa hilo, amekuonyesha alichokuwa akikitaka.

Tia jina. Kila ukuta, kila bango, kila kadi. Hapa sheria iko upande wako kabisa: kifungu cha 32 kinampa mtunzi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake hata baada ya haki nyingine zote kuhamia kwa mwenzake. Pesa inaweza kuhama. Jina halihami. Anayekuambia jina lako litachafua bango hana sheria ya kusimamia.

Najua ugumu ulipo. Mteja wa Migwani mara nyingi si mgeni. Ni mjomba, ni mwalimu aliyekufundisha darasa la nne, ni mzee wa kanisa. Kumwambia mzee tuandikiane kunaonekana kama kumwambia humwamini. Basi mwambie kwa adabu: mzee, mimi nina kazi nyingi na kichwa kimoja, naomba tuandike nisije nikakukosea. Mzee wa kweli hatakataa. Atakayekataa kuandika maneno manne kuhusu kazi ya elfu kumi amekwisha kuamua jinsi hiyo elfu kumi itakavyokwenda, na uhusiano wenu utavunjika vilevile, baada ya kazi badala ya kabla.

Aliyekwama na deni asikae kimya kwa sababu wakili ni ghali. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kwenda bila wakili, na inatakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Lakini hakimu atauliza mlikubaliana nini. Hapo ndipo ule ujumbe wa simu utakapokuwa na thamani kuliko machozi.

Maneno ya kutuma ni haya. Yanakili kwenye simu yako leo, uyajaze kila kazi inapokuja:

"Nitakuchorea kazi fulani kwa shilingi kadhaa. Nusu sasa, nusu kabla ya kukabidhi. Hakimiliki ya mchoro ni yangu na itabaki kwangu. Ukimaliza kulipa, una ruhusa ya kuutumia kwa kazi tuliyotaja tu. Matumizi mengine tutaelewana upya. Jina langu litabaki kwenye mchoro. Ukikubali, jibu NDIYO."

Usishike brashi wala kipanya kabla ya NDIYO hiyo. Mteja akitaka kuumiliki mchoro kabisa, anaweza, ila hiyo ni bei nyingine, na itajwe kwa jina lake.

Kazi za zamani zina ugumu wake. Haki iliyokwisha kuhamia kwa mteja hairudi kwa mdomo, kwa kuwa sheria inataka uhamisho wa hakimiliki uwe wa maandishi yaliyotiwa saini na anayetoa. Orodhesha kazi zote ulizofanya bila kuandikiana. Anza na zile ambazo salio halijalipwa: mwenye deni ana sababu ya kukaa mezani na wewe, na katika kikao hicho hicho cha kuomba apunguziwe au asubiriwe, mtolee karatasi atie saini ya kukurudishia mchoro.