Depite aliuliza nini?

Ku Uingereza kuko depite mumoja, Ian Lavery wa chama Labour. Alitumika mu mugodi wa makala ya mawe, akakuwa prezida wa sendika NUM, akaingia mu Bunge mwaka 2010. Kule kura ya depite inaandikwa na jina lake, na swali kwa minisitiri linachapwa pamoja na jibu. Kila mutu anaweza kusoma.

Ukisoma maswali yake, neno moja linarudia: pansioni ya wazee wa migodi. Tangu 1994 serkali ilikuwa mudamini wa mufuko wao, na kwa ule udamini ilikamata nusu ya faida. Mu 2021 kamati ya Bunge ilisema feza za akiba zirudishwe, serkali ikakatala. Lavery na wenzake wakauliza tena, sendika nayo ikasukuma. Mu Oktoba 2024 serkali mupya ikatangaza kurudisha pauni miliari 1.5. Pansioni ya wazee zaidi ya 100,000 ikapanda kwa 32%.

Na siye? Katiba yetu, kifungu 138, inapatia depite ruhusa ya kuuliza minisitiri, kwa kinywa ao kwa maandishi. Ruhusa iko. Basi akikuja kuomba kura, tusihesabu tishati alizogawa. Tumuulize, siye na wamama wajane wetu: juu ya pansioni yetu uliuliza minisitiri gani, siku gani, na alikujibu nini? Atuonyeshe karatasi.