Ngome ya Luba ina majina mawili, sisi tunadai la tatu

Ukipanda basi la Kampala hapa Tororo, unapita Bugiri halafu unafika Iganga. Wengi wetu tumeipita njia hiyo tukienda kufuatilia karatasi zetu, na hatujawahi kushuka. Lakini ukishuka Iganga, ukashika njia ya kusini, ukapita mji wa Mayuge na kuendelea kuelekea Ziwa Victoria, utafika Bukaleba. Hapo ufukweni palikuwa na ngome ya jeshi. Leo mahali hapo pamo katika orodha ya serikali ya Uganda ya maeneo ya kihistoria, kwa jina la Luba-Thruston.

Luba alikuwa mtawala wa Bunya, katika nchi ya Busoga. Thruston alikuwa meja wa Kiingereza aliyeuawa hapo mwaka 1897. Kwa hiyo jina la kwanza ni la mwenye eneo, na la pili ni la mkubwa wa jeshi. Na wale waliokaa ndani ya ngome na wake zao na watoto wao, wakalala humo, wakapika humo, wakazikana humo? Hao hawamo kwenye jina. Sisi vijana wakimbizi tunaona pengo hilo si dogo, kwa sababu watu hao walikuwa kama sisi. Walikuwa watu waliokatikiwa na kwao.

Hebu tueleze kidogo.

Katika miaka ya 1880, kaskazini mwa Uganda ya leo na kusini mwa Sudani palikuwa na jimbo la Ekwatoria, lililotawaliwa kwa jina la Misri. Gavana wake alikuwa Mjerumani, Emin Pasha. Mahdi alipoinuka na Khartoum ikaanguka Januari 1885, jimbo lile likakatwa kabisa. Hakuna meli, hakuna barua, hakuna mshahara. Stanley akaja na msafara mkubwa, akamchukua Emin, na mwishoni mwa 1889 wakatokea Bagamoyo. Magazeti ya Ulaya yakashangilia ati Emin ameokolewa.

Sasa, na askari wake je? Wengi waliachwa. Walibaki Kavalli, karibu na Ziwa Albert, chini ya mkubwa wao Selim Bey. Mwaka 1891 akaja Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza, ambaye alikuwa anatafuta askari. Selim Bey hakukubali hivi hivi. Alisema yeye ni mtu wa Khedive wa Misri, na hawezi kubadili bendera bila ruhusa ya bwana wake. Wakapatana kwamba ruhusa itaombwa. Ndipo wakatoka: askari mia sita hivi, lakini jumla ya watu ilikuwa zaidi ya 8,000, wengi wao wanawake, watoto na watumwa.

Tafadhali soma tena hesabu hiyo. Vitabu vinasema Lugard alipata askari. Ukweli ni kwamba alipata umati wa watu waliohama, na ndani ya umati huo askari walikuwa wachache. Anayehesabu bunduki haoni mama aliyebeba mtoto mgongoni.

Kuanzia hapo watu hawa wakawa wa kutumwa. Wakawekwa kwenye ngome za magharibi. Wakapelekwa kupigana na Kabalega wa Bunyoro. Selim Bey mwenyewe alishukiwa njama mwaka 1893, akaondolewa, akafia Naivasha njiani kwenda pwani. Mwaka 1897 Kabaka Mwanga alipowaasi Waingereza, wao tena ndio walioitwa. Halafu Nandi. Kisha, kabla hawajapumua, wakaambiwa waende na Meja Macdonald katika safari ndefu ya kaskazini ambayo hata mwisho wake hawakuelezwa.

Walifika Ravine, upande wa Kenya ya leo, Septemba 1897, wakasema basi. Malalamiko yao si magumu kuelewa. Mshahara ulikuwa mdogo, ulichelewa, na mara nyingi ulilipwa kwa vitambaa. Walikuwa hawapumzishwi kati ya vita na vita. Familia zao zilikuwa zimeachwa nyuma. Na hawakujua wanapelekwa wapi. Mazungumzo yakaishia kwenye risasi. Wakageuka, wakarudi magharibi kupitia Nandi na Mumias, wakaingia Busoga, wakaishika ngome ya Luba.

Meja Thruston alijua Kiarabu na aliwaamini askari wake. Alikwenda ngomeni akidhani atawatuliza wale waliokuwa pale. Wakamfunga, yeye na Waingereza wengine wawili, Wilson na Scott. Tarehe 19 Oktoba 1897 waasi walipigana na jeshi la Macdonald kwenye kilima kilicho karibu. Jeshi hilo lilikuwa la Wazungu wachache, Masingasinga wachache, na Waswahili mia kadhaa wa pwani. Waasi wakashindwa kukitwaa kilima. Waliporudi ngomeni wakawaua mateka wote watatu.

Ngome ikazingirwa karibu miezi mitatu. Wapiganaji wa Baganda wakaja kusaidia upande wa Waingereza. Mwezi Desemba akauawa hapo Pilkington, mmisionari aliyetafsiri Biblia kwa Kiganda. Halafu usiku mmoja wa Januari 1898 waasi wakatoroka kwa kupitia ziwani, wakaelekea Ziwa Kyoga, ambako wengi walipigwa mwezi uliofuata.

Tuseme wazi jambo moja ili tusieleweke vibaya. Sisi hatuwafanyi waasi wale mashujaa. Kuua mtu uliyemfunga ni kosa, liwe la 1897 au la leo. Na tusiwasahau Wabasoga wa Bunya. Majeshi mawili yanapokaa shambani kwako miezi mitatu, ni nani anayekula ndizi zako? Tunaofahamu vita tunajua jibu. Wafumbiko wawili wakigombana, chungu ndicho kinachomwagika, na chungu hapo kilikuwa cha mwanakijiji.

Lakini kosa la mwisho halifuti swali la mwanzo. Watu wale walisema kwanza kwa mdomo. Walisema tumechoka, tunataka kujua tunakwenda wapi, tunataka familia zetu. Wangesikilizwa kule Ravine, huenda ngome ya Luba isingekuwa na jina la Thruston hata kidogo.

Na msiba wa ufuko ule haukuishia hapo. Miaka michache baadaye ukaja ugonjwa wa malale ulioletwa na mbung'o. Katika Uganda uliua watu zaidi ya 200,000, na Busoga ya ufukweni iliumia vibaya sana. Kuanzia 1906 serikali ya kikoloni ikaamuru watu wahame kandokando ya ziwa. Ndiyo, Wabasoga wa hapo nao waliondolewa kwenye ardhi yao, wakaambiwa ni kwa faida yao. Leo sehemu kubwa ya Bukaleba ni msitu wa hifadhi uliokodishwa kwa watu wa kupanda miti, na ugomvi wa ardhi haujaisha. Kwa hiyo kipande kile kimoja cha ardhi kina hadithi ya wageni waliokosa pa kurudi, na ya wenyeji waliohamishwa kwao wenyewe.

Na watoto wa askari wale wako wapi? Wako kati yetu. Wanaitwa Wanubi. Uganda wako Bombo na miji mingine, Kenya wako Kibra. Lugha yao ya Kinubi bado inasemwa. Kule Kibra wazee wao walipewa kukaa kwenye zaidi ya ekari 4,000 kama malipo ya kazi ya jeshi, bila hati ya kumiliki. Walingoja. Vizazi vikapita, vijana wao wakiulizwa maswali ya ziada kila walipoomba kipande. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto ikaamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Mwaka 2017 wakapewa hati ya ardhi. Ekari ngapi? 288.

Uganda ilikwenda njia nyingine. Katiba ya 1995 ina orodha ya jamii za asili zilizokuwepo nchini tarehe 1 Februari 1926, na Wanubi wamo. Baba zao walifika na Lugard mwaka 1891, wakawa wenyeji kwa mujibu wa sheria. Hatuwaonei wivu, tunawapongeza. Tena wengi wao walipata kuwa wakimbizi baada ya 1979, wakakimbilia Sudani na Kongo, kwa hiyo wanajua.

Lakini katiba hiyo hiyo, kifungu cha 12, inasema mtu aliyezaliwa Uganda anaweza kuandikishwa uraia ikiwa hakuna mzazi wake aliyekuwa mkimbizi hapa. Maana yake, mdogo wetu aliyezaliwa hospitali ya hapa, anayesema Kiteso na Kijopadhola kuliko Kiswahili cha mama yake, mlango huo kwake umefungwa. Mtu aliyeingia na bunduki ya mkoloni kabla ya 1926, wajukuu zake ni wenyeji. Mtu aliyeingia mikono mitupu akikimbia bunduki, mtoto wake ni mgeni. Tunauliza kwa heshima: ni sawa?

Na sisi wa Tororo hatupaswi kushangaa kwamba mambo haya hugeuka. Mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, ni Wakenya waliovuka Busia na Malaba wakikimbia. Walipokewa kwenye kambi ya mpito ya Mulanda, hapa hapa wilayani Tororo, kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Kabla ya hapo, miaka ya Amin, ni Waganda waliovuka kwenda Kenya. Mpaka huu umewaona wote. Leo kwako, kesho kwa jirani.

Kwa hiyo tunataka nini? Mambo matatu tu.

La kwanza, jina la tatu. Mahali pale paitwe pia kwa watu waliokaa humo. Kibao kieleze kwamba waliachwa na Misri, wakaachwa na msafara wa Stanley, wakatumiwa na Uingereza. Kieleze pia wanakijiji wa Bunya, na Waswahili wa pwani waliokufa kwenye kilima kile ambao hakuna anayewataja. Na wazee wa Kinubi na wazee wa Kisoga waulizwe kabla kibao hakijaandikwa, si baada.

La pili ni letu sisi vijana. Twende tukapaone. Tunachangishana kila mara kwa mpira na harusi. Nauli ya Mayuge haitushindi. Ukisimama pale utajua kwamba ukimbizi haukuanza na kadi yako, na kwamba kabla yako kuna watu walioishi hali hii wakaacha lugha, mji na wajukuu. Pia utajua hatari. Kijana asiye na karatasi wala kazi huwa ana mtu anayemtafuta ampe bunduki. Lugard hakuwa wa mwisho.

La tatu ni kwenu, kaka na dada zetu mnaofanya kazi kwenye mashirika. Tunawaheshimu, na tunajua bajeti haziamuliwi na nyinyi. Lakini mnakumbuka mwaka 2023, wakimbizi wa Uganda walipogawanywa makundi matatu ya mgao, na kundi la tatu likaondolewa kabisa. Kilichouma zaidi si kupungua kwa posho peke yake. Mama alifika kwenye foleni, akaambiwa jina halipo, na hakuna aliyeweza kumweleza kwa nini. Hilo ndilo swali la Ravine: tunapelekwa wapi? Hatutishi mtu, na hatutashika ngome yoyote. Tunasema tu kwamba mtu huvumilia njaa aliyoelezwa kuliko njaa asiyoielewa. Tuambieni mapema, hata kama habari ni mbaya. Na malalamiko yakija kwa mdomo, yachukueni yakiwa bado ya mdomo.

Selim Bey alikubali kutoka Kavalli kwa sababu aliahidiwa kwamba ruhusa itaombwa na atajua anamtumikia nani. Miaka miwili baadaye alikuwa kaburini Naivasha. Watu wake waliendelea kutembea, kutoka ngome hadi ngome, mpaka wakafika ziwani na njia ikaisha. Hao ndio tunaodai waandikwe pale Bukaleba, chini ya jina la Luba na jina la Thruston, kwa herufi za ukubwa ule ule.