Rangi Itoke, Plastiki Ibaki

Katika kazi nyingi za mikono liko swali moja ambalo mwanagenzi hupenda kuliuliza kabla ya mengine yote: dawa ipi ni kali zaidi? Fundi rangi huulizwa hivyo, dobi huulizwa hivyo, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi huulizwa hivyo kila siku. Katika makala hii nakusudia kueleza kwa nini naliona swali hilo kuwa baya, na nitatumia jambo ambalo baadhi ya wasomaji wataliona kuwa mchezo wa watoto, yaani kuondoa rangi kuukuu kwenye modeli za plastiki za ndege, meli na magari. Nimelichagua kwa kuwa kemia yake yaweza kuonekana kwa macho bila ya chombo chochote cha maabara. Aidha, niliwahi kukosea katika jambo hilo mimi mwenyewe, na kosa lenyewe halikuweza kurekebishwa.

Modeli ninazozizungumzia ni zile ziuzwazo vipande vipande, vikiwa vimeshikamana na fremu yake, ili mnunuzi avikate, avigandishe kwa gundi na kuvipaka rangi. Miongoni mwa watengenezaji mashuhuri ni kampuni ya Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria. Mwaka 1949 kampuni hiyo ilitoa modeli ya trekta la Ferguson, na katika miaka ya 1950 ikaanza kuuza ndege ya kivita ya Spitfire katika kipimo cha 1 kwa 72. Ndege halisi ilikuwa na upana wa mita 11.2 hivi kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Modeli yake haifiki sentimita 16. Bei yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtoto wa mfanyakazi wa kawaida aliweza kuinunua kwa akiba yake.

Mwaka 2009, nilipokuwa Uingereza nikisomea shahada ya uzamivu, nilipanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja mjane. Juu ya kabati la sebuleni alikuwa na ndege mbili za namna hiyo, alizoziunda utotoni pamoja na kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki. Watoto wale walizipaka rangi, wakazipaka tena, na tena, hata mistari ya mabawa ikafukiwa kabisa. Mzee alitaka rangi ile itolewe ili azipake upya kwa mkono uliokomaa. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mkemia, kama naweza kumsaidia. Nilimjibu kwa ujuvi wa mtu aliyefaulu mitihani mingi kwamba hiyo ni kazi ya nusu saa. Utafiti wangu ulihusu metali zinazochochea mabadiliko ya kemikali. Habari za polima nilizisoma ili kujibu mtihani tu, na baada ya mtihani nikaziacha zijiendee.

Nilichukua asetoni, nikaimimina katika bakuli la kioo, nikaitumbukiza ndege moja. Niliporudi, rangi ilikuwa imetoka kweli. Lakini mabawa yalikuwa yamelegea mithili ya ngozi ya maziwa, na nilipojaribu kuiinua ndege kwa koleo, mkia ulibaki ndani ya bakuli. Kilichobakia kilikuwa donge la kijivu. Mzee alilitazama kwa muda, akasema kwamba haidhuru, kisha akaenda kuchemsha chai. Sijapata kusikia neno "haidhuru" likiwa zito namna ile.

Basi nini kilichotokea? Modeli hizo hutengenezwa kwa polistirini, polima ambayo molekuli zake ni minyororo mirefu ya kaboni, na kila baada ya kaboni moja huning'inia pete ya benzini. Minyororo hiyo haikufungwa pamoja. Imesongamana tu kama tambi zilizopoa. Kiyeyushi kinachofanana nayo kikiingia katikati, minyororo husogea mbali, plastiki huvimba, hulainika, na hatimaye huweza kuyeyuka. Kanuni ya kale ya wakemia husema kwamba kitu huyeyuka katika kinachofanana nacho, na mkemia wa Marekani Joel Hildebrand aliipatia kanuni hiyo kipimo cha namba. Katika kipimo chake polistirini ina takriban 18 na nusu, toluini 18, asetoni 20, alkoholi ya isopropili 23 na nusu, ethanoli 26, na maji 48. Namba zikikaribiana, hatari ipo. Zikiachana, plastiki hubaki salama. Kipimo hicho kina dosari zake, na mwaka 1967 Charles Hansen alikigawa katika sehemu tatu ili kukirekebisha, lakini kwa fundi wa sebuleni chatosha. Kwa hakika asetoni haiyeyushi polistirini sawasawa kama toluini. Huivimbisha na kuilegeza. Tofauti hiyo haikumsaidia mzee yule hata kidogo.

Hapa ndipo ubaya wa swali la dawa kali unapoonekana. Asetoni si kali kuliko maji kwa maana yoyote ya jumla. Chumvi ya mezani huyeyuka katika maji upesi, na katika asetoni haiyeyuki. Ukali wa kiyeyushi haumo ndani yake kama joto lilivyo ndani ya makaa. Ni uhusiano wake na kitu kinachoguswa. Kwa hiyo mwenye kutaka kuondoa rangi ana vitu viwili vya kuvijua, rangi na kilicho chini yake, na hana budi kutafuta kimiminika kilicho rafiki wa kimoja na mgeni kwa kingine. Sisi walimu wa kemia tumezoea kuwapa wanafunzi orodha ya viyeyushi na kazi zake, kana kwamba ni orodha ya dawa na maradhi. Nadhani tungewafaa zaidi kwa kuweka mezani kipande cha polistirini, matone ya vimiminika vinne, na saa ya ukutani.

Tukija kwenye rangi zenyewe, jina la rangi halitusaidii sana. Kinachohusika ni ile gundi inayoshika unga wa rangi. Rangi nyingi za akriliki za modeli hulegezwa na alkoholi. Rangi za mafuta ni habari nyingine. Hizo hazikauki kwa kupoteza tapentaini peke yake, bali huvuta oksijeni ya hewani, na minyororo yake hufungana mmoja kwa mwingine hata ikawa wavu mmoja. Rangi ya mafuta ya jana hufutika kwa tapentaini ya madini. Ya miaka hamsini haiyeyuki tena, yaweza tu kuvimbishwa ikabanduka, au kuvunjwa kwa kemikali. Kostiki soda huivunja vizuri, tena kwa mabadiliko yale yale yanayogeuza mafuta kuwa sabuni, kwa kuwa katika gundi yake mna viungo vya namna moja na vilivyomo katika mafuta ya nazi au ya mawese. Polistirini haina viungo hivyo, na kwa sababu hiyo kostiki haiigusi. Kila nikifundisha jambo hilo hufurahi upya: sabuni hutengenezwa juu ya bawa la ndege, na bawa lenyewe halina habari.

Hata hivyo, silipendekezi kostiki kwa mtu afanyaje kazi nyumbani, na hapa najua nitapingana na mafundi wengi wa modeli ambao huisifu sana katika umbo la dawa za kusafishia majiko ya kuokea. Tone moja likiingia jichoni laweza kuleta upofu. Wala siyakubali mafuta ya breki, ambayo yamekuwa mapokeo miongoni mwao kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba yale ya kawaida, yenye asili ya glikoli, hulegeza rangi na mara nyingi huiacha plastiki salama, na ni kweli kwamba kopo hupatikana katika kila duka la vipuri. Lakini ni sumu kwa mwenye kuyanywa, baadhi ya viambato vya jamii yake hupenya ngozi, na yakiisha kutumika hayana mahali pema pa kumwagwa. Tena ile aina ya silikoni iitwayo DOT 5 haifanyi kazi hii kamwe, na mnunuzi asiyejua hukaa wiki nzima akiingoja. Ama dawa za kuondolea rangi zenye dikloromethani, hizo zingeila modeli pamoja na rangi yake, na mvuke wake mwilini hugeuka kuwa monoksidi ya kaboni. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2009 zisiuzwe tena kwa watu wa kawaida, na Marekani ikafuata mwaka 2019.

Kinachobaki ni alkoholi ya isopropili, ya asilimia 90 au zaidi kama ikipatikana, pamoja na subira. Modeli izamishwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto, maana mvuke wake huwaka. Baada ya saa chache isuguliwe kwa mswaki laini, irudishwe, isuguliwe tena. Pengine itachukua siku mbili, na rangi ya mafuta iliyokomaa yaweza kugoma sehemu nyingine. Igome. Kwanza kabisa lijaribiwe tone moja mahali pasipoonekana, hasa kama modeli si ya polistirini bali ya resini, kwa kuwa baadhi ya resini huharibiwa na kulowekwa muda mrefu. Na isiachwe humo wiki nzima kwa kusahauliwa: plastiki iliyomwagwa katika kalibu hubaki na mikazo ndani yake, na alkoholi, ijapokuwa haiiyeyushi, yaweza kupenya penye mkazo na kufungua nyufa nyembamba. Rangi kuukuu isikwanguliwe ikiwa kavu, kwani rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi.

Msomaji ataniuliza: yanatuhusu nini sisi haya, ikiwa wenye modeli hizo nchini mwetu ni wachache? Namwomba aichukue helmeti ya mwendesha bodaboda yeyote na kutazama ndani yake, chini ya kitambaa. Ile povu ngumu nyeupe ndiyo polistirini, ile ile ya Spitfire, ila imejazwa hewa ili ibondeke badala ya fuvu kubondeka. Nje yake mara nyingi kuna ganda la plastiki nyingine, aghalabu ABS au polikaboneti, nazo huathiriwa na asetoni na vilivyomo ndani ya thina. Sasa nimewaona vijana kwa macho yangu wakifuta rangi na stika kuukuu kwenye helmeti kwa petroli na kwa thina, kisha wakaipaka rangi mpya ikang'aa. Petroli ikijipenyeza pembezoni, huila povu ile mahali ambapo hapaonekani. Ganda nalo laweza kupata nyufa zisizoonekana mpaka siku ya kuanguka. Watengenezaji wengi huonya juu ya viyeyushi na rangi katika karatasi ndogo iliyobandikwa ndani, ambayo ni kitu cha kwanza kung'olewa na mnunuzi. Mwenye shaka aweke kipande cha povu ya kufungia televisheni katika kikombe cha kioo, amwagie petroli kidogo nje ya nyumba, mbali na moto, na aangalie kwa dakika moja.

Ndiyo maana nashikilia kwamba makopo ya thina na dawa za kuondolea rangi yanayouzwa katika maduka yetu yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, ni plastiki zipi zisizopaswa kuguswa nayo. Kwa sasa kopo hunadi ukali wake. Halisemi dhidi ya nini.

Nilisema kwamba ndege za mzee zilikuwa mbili. Kwa miezi kadhaa sikuthubutu kuitazama ile ya pili, mpaka yeye mwenyewe aliponiletea jikoni na kuniuliza kama nimekwisha kusoma. Nilikuwa nimesoma. Tuliiweka katika alkoholi, naye akaja kuisugua kila jioni baada ya taarifa ya habari, kidogo kidogo, muda wa siku tatu. Rangi ya juu ilitoka ya kijani, kisha ya kahawia, kisha chini kabisa ya samawati. Gundi ya modeli hizi ni kiyeyushi pia. Huunganisha vipande kwa kuilainisha plastiki ya pande mbili hata zikawa moja. Siku ya tatu, chini ya bawa la kushoto, karibu na kiungo, tuliona alama ya kidole gumba cha mtoto, mistari yake yote imesimama, iliyozama katika plastiki siku ile gundi ilipokuwa mbichi. Mzee aliweka kidole chake juu yake, akasema kwamba hakuwa yeye. Yeye alikuwa akishika kopo la gundi tu. Alipoipaka ndege ile rangi upya alifuata vitabu kwa kila doa na kila nembo. Mahali pale chini ya bawa hakupapaka.